Xiegu G90 wikendi ya JOTA: wati 20, waya wa mita 20 na foleni ya skauti

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama unataka redio ya HF (masafa mafupi, yale yanayovuka nchi na bahari) ya kutia kwenye begi upeleke kambini au shuleni wikendi ya JOTA, watoto wakae mbele yake waongee na dunia, hii G90 inatosha na inatosha vizuri sana. Kama unataka redio ya kupigania nafasi na wale wa wati elfu kwenye kontesti, yaani mashindano ya redio, basi endelea kutafuta, hii si yako. Mimi nimeitumia kwenye uwanja wa shule moja upande wa Nyeri, na kikosi cha skauti wa kila rika, Sungura wadogo kabisa, kisha Chipukizi na Mwamba, mpaka Jasiri ambao ni vijana wazima, na naandika hii rivyu kwa sababu watu wakiuliza kuhusu hii redio wanajibiwa na wadau wanaoitumia mezani nyumbani, umeme wa ukutani, chai pembeni, kimya kabisa. Uwanjani na watoto ni habari nyingine.

Kwa asiyejua, JOTA ni jamboree ya hewani, skauti duniani kote wanakutana kwa redio za maamacha, watu wenye leseni wanaorusha redio kwa mapenzi tu si biashara, kila mwaka wikendi ya tatu ya Oktoba. Wazo lilianzia jamboree ya 1957 kule Sutton Coldfield, Uingereza, ambapo kulikuwa na stesheni ya redio, na maamacha waliokuwepo wakaona haiwezekani watu waachane hivi hivi tu, lazima waendelee kuongea. Les Mitchell, kolsaini (jina la hewani) G3BHK, ndo alilishikilia hilo wazo mpaka JOTA ya kwanza ikafanyika Mei 1958, na tangu hapo ikahamia Oktoba na haijawahi kukatika. Siku hizi imeunganishwa na JOTI ambayo ni ya intaneti. Na jambo la kujua kabla hujaenda mbali ni kwamba haya si mashindano, hakuna pointi, hakuna mshindi, hakuna kuhesabu umeongea na nchi ngapi. Mtoto anasema jina lake, anapotoka, anapenda nini, anauliza, anajibiwa, basi.

Sasa hiyo inabadilisha kabisa namna ya kupima redio. Mtu wa kontesti anauliza redio inachuja vipi stesheni zilizobanana. Mimi naulizia mtoto wa miaka 11 ambaye hajawahi kushika maiki maishani, je atasikika, na je ataelewa anachojibiwa bila mimi kumtafsiria kila neno? Kwa kipimo hicho G90 imenifurahisha.

Haya, yenyewe ni nini. Ni redio ya HF ya wati 20, inapokea kuanzia nusu megahezi mpaka megahezi 30 na kurusha kwenye bendi za maamacha kuanzia mita 160 hadi mita 10, SSB na AM za sauti, na CW ambayo ni mose. Ni SDR, yaani kazi kubwa ya kuchuja inafanywa kwa programu ndani yake. Uzito ni kilo moja na nusu hivi, unaibeba kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeshika betri. Kichwa chake, ile sehemu yenye skrini na vitufe, kinatoka na kuunganishwa kwa kebo, kwa hiyo mwili unaweza kuufunga chini ya meza au kuuacha kivulini halafu kichwa ukakiweka mbele ya mtoto. Bei ilikuwa inacheza kwenye dola 450 hivi kabla ya usafiri na ushuru, na kwa redio ya HF mpya yenye antena tyuna ndani, kifaa cha kupatanisha redio na antena, hiyo ni bei ya chini kwa kweli, manake ukitaka Icom IC-7300 au hata Yaesu FT-891 unaingia kwenye hesabu nyingine kabisa, na hiyo FT-891 haina tyuna ndani, unanunua pembeni.

Tyuna ndo moyo wa hii redio, wacha nikae hapo kidogo. Uwanjani hujui antena yako itakaa vipi. Nyumbani umeshapima, umeshakata waya, umeshaweka mlingoti, kila kitu kimetulia. Shuleni unafika unaonyeshwa mti, mti una matawi upande mmoja tu, upande wa pili kuna paa la mabati la maabara, waya ambao nyumbani ulikaa sawa hapa unakaa hovyo kwa sababu mabati yako karibu. Unabonyeza kitufe cha TUNE, unasikia relei ndani zinalia tikitikitiki kwa sekunde chache, kisha SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, inashuka na unaongea. Watoto walikuwa wanapenda hiyo sauti kuliko kitu chochote, kila tukihama bendi wanasogea kusikiliza. Na tyuna yake ina mkono mrefu, inapatanisha antena ambazo redio nyingi za bei kubwa zingekataa. Ila mjue tyuna iliyo ndani ya redio haiondoi hasara inayotokea kwenye kebo kati ya redio na antena, inachofanya ni kuifanya redio ifurahi. Kwa hiyo kebo iwe fupi na antena iwe karibu na kuwa sawa yenyewe, tyuna imalizie tu.

Antena yenyewe ilikuwa waya wa mita 20 na kidogo, unalishwa mwishoni kupitia transfoma ya 49 kwa 1, mizunguko miwili kwa kumi na minne kwenye pete ya feraiti. Huo waya mmoja unakupa mita 40, 20, 15 na 10 karibu bila tyuna, na tyuna ikisaidia unapata na 17 na 12. Kamba tulirusha juu ya mti kwa chupa ya maji iliyojaa nusu, upande mmoja juu kadiri ya mita nane, upande wa transfoma chini karibu na meza. Tafadhali sana kama mna watoto, ule mwisho wa mbali wa waya uwe juu ambapo hakuna mkono unaofika, kwa sababu kwenye antena ya namna hii volteji ya mwishoni ni kubwa hata kwa wati 20 na inaunguza ngozi. Tulifunga utepe wa skauti kuzunguka ule upande wa transfoma pia na Mwamba wawili wakapewa kazi ya kuulinda, wakaifanya kwa moyo kweli kweli.

Kama hutaki mambo ya transfoma, kata daipoli, antena ya waya yenye mikono miwili iliyo sawa, ya bendi moja tu. Hesabu ni rahisi, chukua 142.5 gawanya kwa masafa kwa megahezi, unapata urefu wote kwa mita. Kwa 21.360 hiyo ni mita 6.67, kila mkono mita 3.33 hivi, waya wa umeme wa nyumba wa kawaida unatosha, na bendi ya mita 15 peke yake mchana wa Oktoba ingeweza kuwatosha watoto kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tena ni hesabu ambayo watoto wa darasa la saba wanaweza kuifanya wenyewe na kuona jibu lake linaning'inia mtini.

Kitu cha pili nilichokipenda ni ile skrini. Ni ndogo, inchi 1.8, na mwenye macho ya kusumbua atalalamika na ana haki. Lakini inaonyesha mawimbi ya bendi, kilohezi 24 kushoto na 24 kulia ya pale ulipo, na chini yake yanatiririka kama maporomoko ya maji ili uone nani alikuwa anaongea sekunde chache zilizopita. Kwa mtoto hii ni tofauti kubwa mno. Bila picha, redio ni kelele na mtu mzima anayezungusha kitufe kwa sababu asizozielewa. Akiona picha anakuambia mwenyewe "anko, pale kuna mtu!" anazungusha, sauti ya bata inageuka kuwa sauti ya mtu, na uso unabadilika. Kuna kasichana kamoja ka Sungura kalipewa kitufe hicho kakakataa kukiachia, kakawa kanatutafutia stesheni na wenzake wanaongea. Sikumtoa. Hiyo ni kazi ya opareta kabisa.

Sasa wati 20. Hili ndo swali ambalo kila mtu anauliza, si ni kidogo? Tufanye hesabu. Kutoka wati 20 hadi wati 100 ni desibeli 7. Alama moja ya S kwenye mita ya mpokeaji ni desibeli 6. Yaani mtu aliyekuwa anakusikia S8 kwa wati 100 atakusikia karibu S7 kwa wati 20, na S7 ni sauti nzuri sana ya kuongea na mtoto. Ukitaka kuwaonyesha watoto hilo bila maneno mengi, weka 14.100 asubuhi au jioni usikilize bikoni za NCDXF, stesheni zinazojirusha zenyewe ili watu wapime hewa. Ziko 18 duniani, zinapokezana, kila moja inapewa sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila moja inatuma kolsaini yake kwa mose, kisha mistari minne mirefu, wa kwanza wati 100, wa pili wati 10, wa tatu wati 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Kenya tuna yetu kwenye hiyo orodha, 5Z4B. Sisi tulikaa tukisubiri 4S7B ya Sri Lanka na ZS6DN ya Afrika Kusini na OH2B ya Finland, watoto wamekaa kimya wanahesabu mistari kwa vidole, na ukisikia mstari wa wati 1 kutoka nchi ya mbali hivyo, hakuna mtu atakuuliza tena kama 20 zinatosha. Hilo zoezi ningelifanya kila mwaka hata bila JOTA.

Ukweli mwingine ni kwamba sisi tulio karibu na ikweta tumebarikiwa kwa upande wa HF, na jua nalo lilikuwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa 25 karibu na mwisho wa 2024, kwa hiyo bendi za juu, mita 15, 12 na 10, zimekuwa tamu miaka hii. Kwa saa zetu mambo yanakwenda hivi: asubuhi mita 20 na 15 zinafunguka kuelekea Asia, mchana mita 10 na 15 Ulaya inaingia kama iko mtaa wa pili, kuanzia saa kumi na moja jioni unaanza kusikia Marekani kwenye mita 10 na 12 kama siku ni nzuri, na giza likiingia mita 40 ndo ya majirani, Tanzania, Uganda, Kongo. Masafa ya skauti yanajulikana dunia nzima na mnafaa kuyaandika kwenye karatasi kubwa mbele ya meza: 7.090 na 7.190, 14.290, 18.140, 21.360, 24.960, 28.390. Si lazima ukae hapo hapo, ni mahali pa kukutania, mkishasikiana mnasogea pembeni mwenzenu naye aite.

Na msiite "CQ" tu, ule wito wa kumwita yeyote anayesikia. Iteni "CQ Jamboree". Watu wanaojua wanasimama, wanapunguza mwendo, wanabadilisha lugha yao inakuwa ya kuongea na mtoto. Waholanzi utawatambua, stesheni zao za JOTA zinaongeza /J mwisho wa kolsaini. Skauti wa Marekani wana kolsaini yao K2BSA. Na sisi wa Kenya tuna kitu ambacho hakuna nchi nyingine inacho, Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, aliishi Nyeri miaka yake ya mwisho, kwenye nyumba yake ya Paxtu pale hoteli ya Outspan, akafariki Januari 1941 na kaburi lake liko hapo hapo Nyeri. Mtoto akisema kwenye maiki "I am a scout from Nyeri", upande wa pili unasikia kimya kifupi halafu maswali yanamwagika. Skauti mmoja wa Ujerumani aliuliza kama wamewahi kuliona kaburi, Chipukizi wetu akamwelezea lile duara lenye nukta katikati lililochongwa pale, ishara ya njia ya kuwa nimekwenda nyumbani, akaielezea kwa Kiingereza cha shule bila kukwama, na mwalimu wake aliyesimama nyuma yangu alikuwa hajawahi kumsikia akiongea sentensi tatu mfululizo darasani.

Lakini kilichonifanya nikae niandike yote haya ni mchana wa Jumamosi kwenye 21.360. Tunaita, anajibu mzee kutoka Oman, kolsaini ya A4, sauti safi S9 bila kuyumba. Tunaanza kwa Kiingereza kama kawaida, ripoti ya usikivu faivu-nain, jina, hali ya hewa. Kisha akauliza hapo ni Kenya sehemu gani, na nilipomjibu akageuza, "Basi ongea Kiswahili bwana, mimi mama yangu wa Unguja." Uwanja mzima ulishangilia. Aliyekuwa na zamu ni Chipukizi mmoja, msichana mpole sana, nikamsogezea maiki, akabonyeza, akavuta pumzi, akasema "Shikamoo babu." Na ikarudi kutoka Muscat, zaidi ya kilomita 3,000, "Marahaba mwanangu, hujambo? Umekula?" Wakaongea kuhusu samaki, kuhusu baridi ya Nyeri ambayo mzee alikuwa haamini kuna baridi namna hiyo karibu na ikweta, kuhusu shule, akamuuliza anataka kuwa nani, akasema injinia. Mzee akamwambia basi usiiachie hiyo maiki. Foleni ilikuwa ndefu nyuma lakini hakuna aliyelalamika, wote walikuwa wanasikiliza. Wati 20 na waya mtini.

Hapo ndo narudi kwenye redio, manake sauti inayotoka ndiyo iliyofanya hayo yawezekane. Maiki yake ya mkononi inatosha bila kuongeza chochote, na ukiweka kompresa, ile ya kuinua sauti hafifu, kiasi watu wanakusikia vizuri hata mtoto akiongea chini chini. Kwa kusikiliza uwanjani lakini leteni spika ya nje, spika ndogo ya ndani ni ya mtu mmoja aliyeinama, haiwezi kuwatosha watoto ishirini na upepo. Spika yoyote ya nje ya kawaida itafaa.

Betri. Redio hii inakula kama nusu ampea ikiwa inasikiliza na inaweza kufika ampea 8 pale inaporusha kwa nguvu zote, lakini SSB haiko juu muda wote kwa hiyo wastani ni mdogo zaidi. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya volti 12.8, ampea-saa 20, ilitubeba mchana kutwa na bado ikabaki. Ile ya asidi ya pikipiki inaweza kukupa masaa ila volteji yake inashuka upesi ukirusha, na uzito wake, na watoto wakiiangusha ni tabu. Weka pesa kwenye lithiamu.

Sasa sola, na hapa nasema kwa uchungu. Shule ilikuwa na paneli na chaja kontrola ya bei rahisi, jina hata halikuandikwa vizuri juu yake, na ilikuwa inamwaga kelele kwenye mita 20 mpaka S7 bila kuongea na mtu yeyote. Kichuja kelele cha redio kinasaidia kidogo lakini kelele ya namna hiyo haichujiki. Tulimwomba mlinzi aizime, bendi ikawa kimya ghafla, na stesheni tatu zilizokuwa chini ya ile kelele zikatokea. Kwa hiyo ukifika mahali, kabla ya kutundika waya, tembea na redio ndogo yoyote ya AM ya mfukoni ukisikiliza kelele inatoka wapi, taa za LED, chaja, kontrola, vyote hivyo. Ni kazi ya dakika chache na inaokoa siku nzima.

Na kebo. Duka moja la Luthuli, Nairobi, liliniuzia kebo iliyokuwa na kontakta tayari, ukiangalia kwa nje ni nzuri, lakini ukiigusa SWR inaruka. Kufungua nikakuta ule wavu wa nje umebanwa tu, haujalehemiwa hata tone. Tulikuwa na chuma cha kulehemu kambini kwa sababu ya kibanda cha Jasiri waliokuwa wanafundisha wadogo kutengeneza sauti ya mose, kwa hiyo ikarekebishwa pale pale, Jasiri akafanya na watoto wakitazama. Nunueni kebo yenu na kontakta tofauti mlehemu wenyewe, au pimeni mbele ya muuzaji kabla hamjalipa.

Ambayo G90 haina, muyajue kabla ya kutoa pesa. Haina megahezi 50, kwa hiyo mita 6 sahau, na huku kwetu mita 6 jioni inafunguka kuvuka ikweta kwa namna ya ajabu kwa hiyo kuna kitu unakikosa.  Ukitaka FT8, ujumbe mfupi mfupi unaotumwa na kompyuta kupitia redio, na mambo mengine ya kompyuta, kiunganishi chake cha CE-19 kinauzwa peke yake na bado utahitaji njia ya sauti kwenda kwenye kompyuta, wakati redio za bei ya juu zinafanya hayo kwa kebo moja ya USB. Kwa JOTA hilo halikunigusa kabisa, FT8 haina maongezi na maongezi ndiyo tuliyofuata. Lakini kama wiki zingine zote za mwaka unataka FT8, hesabu hiyo gharama ndani.

Kuna wanaouliza kwani Baofeng, ile redio ndogo ya mkononi ya elfu mbili tatu, haitoshi? Zile ni za VHF na UHF, masafa ya juu zaidi ya HF, mawimbi yake yanakwenda mnyoofu, kilima kimoja cha Nyeri kinakukatia. Ni nzuri kwa mazoezi ndani ya kambi, na sisi ndivyo tulivyozitumia, watoto waliosubiri zamu walikuwa wanafanya mazoezi ya kujitambulisha wao kwa wao, Alfa Bravo Charlie, kwa nguvu ya chini kabisa, chini ya usimamizi. Ilipofika zamu yao HF hawakuogopa. Mtoto aliyeingia baridi mbele ya maiki anaganda, hilo nimeliona, na dawa yake ni mazoezi pamoja na karatasi yenye maswali matano aliyoyaandika mwenyewe.

Kuhusu JOTI, ilikuwepo upande wa maabara ya kompyuta, watoto walifurahia, lakini wengi wakishamaliza walikuwa wanarudi kwenye foleni ya redio. Simu ya video wanaijua. Kuita kwenye hewa bila kujua atajibu nani hawajawahi, na mtu akijibu wanajua amewajibu wao.

Upande wa sheria usicheze. Leseni ya maamacha Kenya inatoka Mamlaka ya Mawasiliano, CA, Tanzania ni TCRA, na kabla hujaagiza redio ya kurusha kutoka nje waulize kuhusu vibali, ni nafuu kuuliza mapema kuliko mzigo kukaa forodhani. Soma masharti ya leseni yako kuhusu mtu asiye na leseni kuongea kupitia stesheni yako, na mwenye leseni asiondoke mezani, kolsaini ni yake na kila kinachosemwa kiko juu yake. Sisi tulikuwa tunapokezana watu wazima wenye leseni, mtoto anabonyeza na kuongea, sisi tunafungua na kufunga kila kontakti kwa kolsaini na kuandika kwenye logi. Na Oktoba ni mwanzo wa vuli, wingu likijikusanya na radi ikisikika hata kwa mbali, mnachomoa antena, mnaondoka chini ya ule waya, hakuna mjadala. Jumapili mchana tulichomoa kabisa, watoto wakaenda kula, mvua ikapita, tukarudi.

Kama mna bajeti ya kikosi na mnaanza bila chochote, mpangilio wangu ni huu: kwanza mtu mwenye leseni, kisha waya na kebo nzuri, kisha betri, kisha redio, na hapo kwenye redio G90 ndiyo ningewaambia mchukue bila wasiwasi. Spika ya nje na kitabu cha logi cha karatasi, hicho cha karatasi makusudi, kwa sababu mtoto anataka kuona jina lake limeandikwa kando ya kolsaini ya mtu aliyeongea naye. Na QSL, kadi za kuthibitisha mmeongea, msizisahau, hata kama ni kadi za kuchorwa kwa mkono. Watoto wetu walichora Mlima Kenya kwenye zote.

Oktoba tunarudi pale pale. Mlio Muscat na Ulaya jaribuni 21.360 kuanzia saa tisa mchana wa Afrika Mashariki, walio Dar, Kampala na Goma tutakuwa 7.090 giza likishaingia, na yeyote atakayetusikia aite kwa Kiswahili tu, kuna watoto wameshaanza kuandika maswali.